Paa Liko Wapi

Niliegesha pikipiki kwenye kivuli cha ukuta
nikangoja jua lilegee,
maana saa nane ya Kilimatinde huunguza hata picha.

Kanisa halina paa. Madhabahuni umeota mgunga,
mbuzi watatu wanacheua
pale walipopiga magoti maharusi.
Nikainama, nikafumba jicho moja,
nikaanza kuupenda ule ufa.

"Unapiga gofu?" Mama Mbeho kauliza,
ndoo ya maji kichwani, haimwagiki hata tone.
"Hilo ganda tu. Njoo."

Mabati niliyakuta juu ya zahanati,
kutu ileile, matundu ya misumari yaleyale,
chini yake kichanga kinaikataa sindano.
Mlango uko kwa Chiloleti, umefungwa kwa kamba ya katani.
Benchi la wazee wa kanisa
(unisamehe, Bwana) liko kilabuni,
limelowa wanzuki.
Kengele inaning'inia shuleni:
ilipogongwa ya uji
vumbi lilitimka na vikombe vya plastiki.

Jioni nikarudi ukutani, chaji imebaki kiduchu.
Nikapiga moja tu:
dirisha, na ndani yake anga la Ugogo
lisilo na wingu hata la kuazima.

Mama Mbeho akaichungulia kamera,
akakuza, akapunguza.
"Mbona umemwacha nje mume wangu?"
Sikuona mtu.
Akanyoosha kidole:
hewa tupu, kati ya nguzo na mbuzi.
"Alikuwa anasimama pale. Sauti ya nne."