Mlango wa Mninga

Tarehe tisa Machi nilirudi kutoka stesheni
nikakuta chumba changu hakina mlango.
Fremu ipo. Bawaba zipo, zimelegea
kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.
Kitanda kinaonekana toka barabarani,
na sufuria ya ugali wa jana,
na koti la marehemu baba lenye kiraka.

Isevya ina macho.
Hadi magharibi mtaa mzima ulijua
rangi ya shuka langu.

Niseme kweli, maana mwaka huu nimeshaapa mara moja
na kiapo hakijanikauka mdomoni:
nilikuwa nadaiwa. Miezi miwili.
Elfu thelathini, na elfu thelathini nyingine.
Lakini paa lilipotoboka mwezi wa kwanza
nilimwendea Bi Nyanzobe. Mama, panavuja.
Akasema, mvua ni ya Mungu.
Nikasema, bati ni lako.
Akacheka, akanipa karanga, nikaondoka.

Nikanunua bati mbili za elfu kumi na nane,
misumari ya elfu moja,
nikamlipa fundi Kapela elfu kumi na mbili,
risiti nikazitia kwenye kopo la majani ya chai.
Kwa hesabu yangu, hiyo ndiyo ilikuwa kodi.
Kwa hesabu yake, kilikuwa kiburi.

Usiku wa kwanza nilitundika shuka.
Mbwa akaingia, akaninusa, akaona hapana kitu, akatoka.
Usiku wa pili niliamka kila treni ilipopiga honi.
Usiku wa tatu nikasoma mkataba.

Ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa mjumbe,
gumba la Bi Nyanzobe, zambarau, chini kabisa.
*Mwenye nyumba atatengeneza paa, kuta na choo.*
Nikapiga kofi paja langu.
*Mpangaji atalipa kabla ya tarehe tano.*
Nikakuna kichwa.
*Mpangaji hatafuga.*
Hapo nikameza mate.
Nyuma ya jiko walikuwapo kuku saba.

Barazani palikuwa na benchi moja.
Tukakaa wote wawili, mdai na mdaiwa,
asogee huku nisogee kule,
kila mmoja akiinuka mwenzake nusura aanguke.
Katibu, binti mwenye miwani, alisoma polepole
kama mtu anayechambua mchele:
anayedai kodi hudai kwa karatasi, si kwa bisibisi.
Mlango urudi leo.
Na wewe unayetengeneza paa la mwenzio,
uliomba kwa maandishi? Ulisubiri jibu?
Nikatazama viatu.
Hata hivyo akazihesabu risiti, akazitoa kwenye deni.
Ikabaki elfu kumi na moja,
na kuku saba wa kuhama.

Bi Nyanzobe akauliza:
"Na mimi mjane, paa langu anatengeneza nani?"
Katibu akafunua kitabu.
Akafunua tena.
Akavua miwani, akaifuta.

Jioni tukaufuata mlango.
Ulikuwa uani kwake, umelazwa juu ya matofali,
umeanikwa uyoga.
Ndani, katikati ya sebule, beseni;
tone, kisha tone.
Hatukulitaja.

Tukaubeba, yeye upande wa bawaba, mimi wa kitasa.
"Usiuburuze."
"Siuburuzi, mama, ni mzito."
"Ni mninga. Mume wangu aliuranda mwenyewe
kabla mgongo haujamkatalia.
Ningekuwa na nia mbaya ningeng'oa bati."

Nikatamani kumjibu kwamba bati ni langu.
Nikafunga mdomo, nikashika vizuri.

Risiti ya elfu kumi na moja niliandika mimi,
kwa kuwa yeye mikono ilikuwa inatetemeka, alisema, kwa uzito.
Akapaka gumba wino wa kalamu yangu, akagandamiza.
Akaondoka na kalamu.

Kuku wamekwenda kwa Kapela, kwa mapatano.
Chumba kinanuka uyoga mpaka leo.
Usiku nikisikia mvua nauangalia mlango,
halafu naangalia juu, pakavu,
na nalifikiria lile beseni.

Leo ni tarehe tatu.