Moja kwa Ishirini na Nne

Mchana natengeneza meno ya watu.
Usiku, hapa Mabatini, mlango ukishafungwa,
natengeneza gari la baba.

Kioo cha mbele nimekikata kwenye eksirei,
kifua cha mtu nisiyemjua. Nilikilaza kwenye jiki
mpaka mbavu zikayeyuka, ukabaki mwanga.
Matairi ni soli ya ndala niliyookota Kirumba.
Taa ni vijumba vya vidonge vya malaria,
ekzosi ni mrija wa biki iliyokwisha wino.
Bodi ni plastiki ileile ya ufizi wa bandia,
kwa hiyo wiki tatu nzima Pijo 404 ya baba
imekaa mezani na rangi ya waridi,
kama kinywa kisicho na jino.

Kila kitu nagawa kwa ishirini na nne.
Mlango. Bampa. Usukani wenye gia ubavuni.
Siku moja, kwa wazimu tu, nikagawa barabara,
Mwanza hadi Shinyanga,
nikapata kilomita karibu saba,
safari ya mtu kufuata maziwa kwa baiskeli.
Nikamgawa baba. Akatoshana na kidole changu cha kati.
Nikaacha.

Vipimo nilivipata Nyakato, kwa Bwana Mashimba,
mwenye 404 ya mwisho ninayoijua kwa macho.
Huiwasha kila Jumamosi, haendi popote,
anakaa tu ndani, kioo chini, anasikiliza.
"Sikia," aliniambia, "silinda ya tatu inakohoa."
Mimi uvunguni, na kalipa yangu ya meno,
nikasikia. Nikasikia na harufu ya kiti:
ngozi bandia iliyoiva juani, petroli, vumbi la pamba.
Hiyo nimejaribu. Haigawanyiki.

Nilipopaka krimu, usiku wa kwanza, dirisha wazi,
visubi wakapanda kutoka ziwani kama moshi,
wakaganda kwenye boneti kwa mamia.
Ziwa lenyewe lilitaka lifti.
Nikakwangua. Nikapaka tena.

Jumapili akaja Masalu, kaka yangu, kutoka Magu.
"Safi," akasema. "Ila ondoa hilo bonde huku nyuma.
Nani anajenga gari pamoja na ajali yake?"

Bonde: sentimita kumi na mbili, kwangu milimita tano,
juu ya taa ya nyuma, upande wa kushoto.
Nililichimba kwa sindano ya kusafishia mizizi ya meno
nikiwa nimebana pumzi.

Ni fahali wa Usagara. Baba aliwaambia wote,
mama, majirani, fundi, mchungaji.
Kufikia Krismasi yule fahali alikuwa na jina,
pembe moja, na mkia uliokatika.

Masalu akainama, akafumba jicho.
"Pembe huacha shimo la duara," akasema.
"Hili limenyooka. Kama nguzo."

Nguzo ya geti la kanisa, Igoma.
Nina miaka kumi na tatu, miguu haifiki vizuri,
baba kando yangu anasema taratibu, taratibu,
rivasi ni kama kuomba radhi, haina haraka,
halafu ule mlio.
Halafu kimya chake, akishuka, akizunguka,
akirudi kuniambia kwa sauti ya chini:
"Umemwona yule ng'ombe?"
Jumatatu alikwenda peke yake na ndoo ya saruji.

Sikumwambia Masalu. Nilichovya brashi,
nikatia kutu kidogo ukingoni mwa bonde,
rangi ya chai iliyokaa.
"Labda pembe yake ilikuwa bapa," nikasema.
Akacheka. Akaomba maji ya kunawa.

Bado wipa mbili. Bado namba,
na kile kioo cha pembeni
ambacho siku ile sikukitazama.