Mwendelezo

Mwalimu Chikoleka alichora mstari kwa chaki
sakafuni, kati ya viti viwili vitupu.
Kamera isiuvuke, alisema. Ukiuvuka,
waliokuwa wakitazamana watapeana visogo.

Basi Jumamosi nikaenda Chuno, kwa mama.
Nikamkalisha karibu na dirisha, atazame kulia.
"Namtazama nani?"
Msumari ule, nikamwambia, kwenye fremu ya mlango.
Akautazama msumari kana kwamba anaudai.
Akamimina chai kwenye kikombe cha buluu,
kile chenye pengo mdomoni, akajaza hadi juu,
akakisukuma mezani, mkono ukatoka nje ya picha.
Kata.

Kikombe nikakiviringisha ndani ya kitambaa cha meza,
na kisahani cha korosho nikakipakata
(nilizihesabu: kumi na moja, mbili zimevunjika).
Bashiru akawasha pikipiki, tukashika njia ya Mikindani
kwa baba, ambaye tangu niko darasa la tano
huuliza, "Huko hawajambo?"
na jina halitaji.

Tulifunika dirisha lake moja kwa shuka
ili jua liingie upande ule ule.
Baba alikuwa amenyoa. Amevaa shati la Idi.
Tazama kushoto, pale kwenye kalenda.
Mkono wake ukaingia kwenye picha,
ukapokea kikombe ambacho hakuna aliyempa.
"Ahsante," akasema.
Baba, hapa hakuna maneno.
Tukarudia. Mara ya nne akasema tena.

Usiku, chumba cha kompyuta, feni moja kati ya tatu,
umeme ukienda na kurudi katika mji wenye gesi yake,
natafuta mahali pa kukata:
si mkono unapoanza, si unapofika,
katikati ya mwendo,
jicho likiwa bado linaufuata.
Nikaondoa picha mbili. Nikarudisha moja.
Meza ikawa moja.
Chuno na Mikindani, ukuta mmoja, chai moja,
na miaka tisa ikapita pale katikati
bila hata mlio wa mkasi.
Ile ahsante niliiacha.

Siku ya kuonyesha, baba alituma ujumbe:
ana korosho juani na wingu limetanda.
Mama alikaa safu ya pili, mkoba mapajani.
Dakika nne. Makofi. Bashiru akainama mara mbili.
Mwalimu akasema mshono hauonekani.

Mlangoni mama alinishika kiwiko.
"Mimi nilijaza," alisema. "Hadi juu kabisa.
Kwake kimefika nusu."
Nikaanza kueleza: ile ilikuwa chai nyingine,
ya chupa, nilisahau kupima…
"Sikuulizi hayo. Ile ahsante
ulimwandikia wewe?"
Hapana, mama.

Akajifunga kanga upya,
akavuka barabara
bila kutazama kulia wala kushoto.