Kiraka

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe nilikupa kisu,
na mwezi wa tano nikakuona kwenye kipande cha kioo
umejibanza pembeni, upande wa pua,
mwekundu, mnene kuliko mwanzo,
umeshika njia ile ile ya kuelekea kwenye mboni.

Daktari Famau alinimulika.
Nyevu, una miaka mingapi?
Ishirini na tisa.
Akatikisa kichwa kana kwamba ujana ni kosa.
Kwa vijana, akasema, hurudi upesi,
mwili wao una pupa ya kuziba kila jeraha.
Dawa ya matone ulimaliza?
Chupa ya kwanza nilimaliza.
Ya pili ilikuwa bei ya unga wa wiki.
Miwani?
Nikacheka. Akaandika.

Hakuuliza habari za Gongoni.
Hakuuliza majaruba ya chumvi saa saba mchana,
jua moja juu, jua jingine chini,
na mimi kati yao navuta reki.
Hakuuliza juu ya nyapara aliyesema
siku nane zatosha, jicho si mguu,
kalamu yake ikilizunguka jina langu daftarini.
Siku ya tisa nilikuwa kazini,
uzi bado ndani ya jicho
ukinikwaruza kama mchanga.

Mara ya kwanza walikukata tu, wakaacha pawazi.
Kiwanja kitupu, hapa kwetu nani asiyejua,
hakilali bila mvamizi.
Safari hii watachuna utando chini ya kope ya juu,
waushone pale ulipojenga:
kiraka cha nguo ile ile.
Mama alishona magunia miaka kumi na minne,
hilo hakuhitaji kuelezwa.

Na bado anaweza kurudi, daktari akasema.
Hakunificha. Kwa hilo nampenda.

Jumanne nilipita soko la Malindi,
nikanunua miwani nyeusi, shilingi mia mbili,
na kofia ya pama iliyochanika ukingo.
Wenzangu sasa wananiita Mtaliano.
Chao, Nyevu! Chao!
Dama ameiazima mara mbili, akaificha mara moja.

Nyuma ya kioo chumvi haina weupe,
ina rangi ya chai ya maziwa,
na leo, kabla ya kengele,
nimeliona jaruba mpaka mwisho wake
bila kukunja uso.