Mwisho Uliofungia Njugu

Agosti ya Nairobi haina jua la kumkopesha mtu.
Wingu hulala juu ya Jericho kama kifuniko cha sufuria,
sweta hazikauki kambani,
na sisi, shule zimefungwa, watoto watano chumba kimoja,
tulikuwa tunapigania upande wa jiko.

Baba aliandika mabango ya maduka:
BUCHA. KINYOZI. LEO HAKUNA DENI, JARIBU KESHO.
Jumamosi ya kwanza ya likizo alipitia kwa Mama Nduku,
aliyekaanga njugu nje ya soko la Burma
na kuzifungia kwa kurasa za vitabu.
Mama Nduku alinunua vitabu kwa kilo,
akavichana kuanzia nyuma,
ukurasa mmoja, koni moja,
na kila kitabu kikafa kuanzia mkiani.
Kilichobaki alimuuzia Baba kwa bei ya kiberiti.

Hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba yetu:
vitabu ishirini na vitatu, vyote vina vichwa,
hakuna chenye miguu.

Tulisoma kwa zamu.
Kyalo alikimbia, akiruka nukta kama anaruka mitaro.
Mutanu aliigiza sauti zote, hata ya mlango.
Mimi nilikwama.
Nilikwama kwenye *mng'ao*, nikakwama kwenye *wakang'ang'ania*,
na Baba hakunitajia.
Alisubiri,
kidole chake chenye rangi nyekundu ya bucha kikiwa chini ya neno,
uji ukipoa, Kyalo akiguna,
mpaka neno likafunguka lenyewe.

Siku moja Kyalo alileta koni ya njugu,
na kumbe ni ukurasa wa mwisho,
ila wa kitabu ambacho hatukuwa nacho.
Tuliusoma hivyo hivyo.
Fulani alimsamehe fulani.
Ulikuwa na chumvi.

Usiku wa kuamkia shule,
kucha zimekatwa, viatu vimepigwa rangi,
kila mtu alitoa mwisho wake.
Cha mvulana na punda kipofu, kwa mfano:
Kyalo aliita polisi.
Mutanu alimponya punda macho.
Mama, pini mdomoni, cherehani imenyamaza,
alisema mvulana aolewe, akacheka, akajisahihisha: aoe.
Baba alikuwa wa mwisho, na siku zote alimaliza hivi:
*Akafika kwao usiku, akakuta mlango haujafungwa,
na chungu bado kina moto.*
Awe jambazi, awe malkia, awe punda,
kwa Baba wote walikuta chungu kina moto.
Hatukumuuliza kwa nini.
Sasa hayupo wa kuulizwa.

Mwaka huu, Agosti ileile, manyunyu yaleyale,
nimemshika mkono Mumbua, miaka tisa,
tunainama juu ya vitabu vilivyotandazwa kwenye nailoni
kando ya barabara ya Tom Mboya.
Shilingi hamsini, chagua kimoja, ndiyo desturi.
Na hapo, kati ya kamusi na kitabu cha ufugaji wa kuku,
mvulana. Punda. Jalada zima.

Nimekigeuza, nimekwenda moja kwa moja mkiani,
nimesoma nimesimama, sukuma wiki kwapani,
watu wakinipiga vikumbo.
Mvulana anamuuza punda.
Anapata bei ya viatu.
Anavivaa, anaingia mjini, hageuki.
Basi. Ukurasa mtupu unafuata.

Sikusema kitu. Nimekirudisha polepole,
nimekifunika kwa kuku.

Lakini Mumbua ana macho ya babu yake.
Amesogeza kuku, amekitoa, amekikumbatia
kwenye sweta yake yenye shimo la kiwiko.
"Hiki."
"Hicho kina huzuni."
"Umejuaje?"

Nimelipa.

Sasa ni usiku, amejikunja chini ya blanketi,
midomo inatembea bila sauti.
Amekwama mahali. Naona kidole kimesimama.
Mate yamenijaa, neno liko ulimini,
nalimeza.
Linafunguka. Anaendelea.

"Mumbua."
"Mmh."
"Ukifika ukurasa wa mia na kumi na nne,
kifunge kwanza, uniite.
Nitakuwa jikoni."