Usiguse Kitu

Mshale kwenye kompyuta yake unatembea wenyewe:
ni mimi, niko Vaasa, naushika kwa mbali.
"Usiguse kitu," namwambia. Anaweka mikono mapajani
kama mtoto anayenyolewa.

Kamera iko Oulu, juu ya kioo chake.
Kikao kiko ndani ya kompyuta ya ofisi, huku,
na kompyuta ya huku haijui kama ana uso.
Nafungua mipangilio. Naweka tiki. Nakata, naunganisha upya.
Giza.
Naweka tiki nyingine, niliyoisahau.

Anatokea saa tisa na dakika nne.
Wenzake wameshaagana.
Ananyanyua mkono; mkono unafika umechelewa,
vipande vipande.
"Unaniona?"

Nakuona, Tuulikki. Na theluji dirishani,
na vikombe viwili,
kimoja kimefunikwa kisahani.