Kumgeuza Mzee Nampoto

Newala, wodi ya wanaume, saa nane usiku.
Ukungu umeingia bila hodi.
Nina daftari, kalamu iliyofungwa uzi,
na swali nililotoka nalo chuoni:
asiyejigeuza, nani humgeuza?

Fomu inajibu: muuguzi, kila baada ya saa mbili.
Sahihi zote zipo, zimenyooka, wino mmoja,
kana kwamba zilitiwa asubuhi.
Mbili ni zangu.

Kitanda cha sita, Mzee Nampoto,
upande wa kushoto hausikii amri.
Mgongo wake mzima, hauna hata lengelenge.
Nikaandika: sababu haijulikani.
Sababu ilikuwa chini ya kitanda, juu ya mkeka,
Somoe, mkewe, amelala na sikio wazi.
Hana saa. Pumzi ikibadilika, huinuka.
"Haya, baba Likapa, tuhame."

Mwezi wa kumi korosho zikaanza kudondoka,
na korosho haingoji mtu apone.
Ndugu wakaenda kuokota.
Daftari langu likajaa:
kisigino. Nyonga. Nyonga. Mfupa wa mkia.

Somoe naye akaaga, aende Kitangari.
Alinishika kiganja,
akakipeleka chini ya kiuno cha mumewe:
"Usivute, mwanangu. Mwazime uzito wako."
Hilo halimo kwenye fomu.

Saa kumi alfajiri nikamwazima.
Mzee akafumbua jicho moja.
"Mkono wa baridi," akasema.

Nikaandika hilo pia.